Kuvuta waya wa TV kwenye nyumba ya mawe Lamu

Wiki iliyopita niliitwa nyumba moja ya Mkomani. Bibi mwenye nyumba alinipokea dakani, kibarazani pa mlango: "Mwanangu, kila wakikaribia goli picha yaganda." Rauta, kile kisanduku kinachotoa Wi-Fi, ilikuwa msana wa chini, ule ukumbi wa kwanza, TV iko ndani kabisa, na baina yao kuta mbili za matumbawe na chokaa, kila mmoja unene wa karibu nusu mita. Wi-Fi haiziwezi kuta hizo.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua. Shika simu mbele ya TV, mlango umefungwa, upime kasi. Kisha upime tena kando ya rauta. Picha safi ya HD hutaka kama megabiti 5 kwa sekunde, 4K iliyo safi zaidi hutaka 15 na zaidi. Kwa bibi nilipata 18 kando ya rauta, 2 mbele ya TV. Ingekuwa 2 kote kuwili ningemwambia aache waya, akagombane na anaowalipa intaneti.

Hatua ya 2: Jaribu la bure. Toa rauta kwenye kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vyombo. Najua yapendeza mle kando ya sahani, lakini imezungukwa na mawe. Iweke juu, ielekee kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba, kisha chagua masafa ya gigahezi 2.4: kasi yake ni ndogo kuliko ya 5, ila hupenya ukuta vizuri zaidi. Kama TV na rauta zimo chumba kimoja, tumia 5, na fundi wa waya humhitaji.

Hatua ya 3: Njia ya waya. Picha ikiendelea kuganda, vuta waya, ila usikimbilie drili. Mji wa Kale ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hivyo uliza kabla ya kutoboa. Isitoshe, tumbawe humeguka: unaanza na tundu la kidole, unamaliza na la ngumi. Pitia kiwandani, juu ya mlango, ufuate boriti. Pima kwa kamba, ongeza mita 2. Waya wa mtandao hufika mita 100, kwa hivyo nyumba yako haitaushinda. Nunua waya wa mtandao wa aina ya Cat 6, wa shaba tupu, si aluminiamu iliyopakwa shaba. Penye jua na mvua, tumia wenye ganda la nje. Chini ya tundu la kuingilia uache ulegee kama tumbo, maji yadondoke hapo yasifuate waya hadi kwenye TV.

Hatua ya 4: Vichwa, yaani plagi za ncha mbili za waya. Hapa ndipo wengi huharibu. Menya ganda, nyoosha nyuzi 8, kijilimi cha kichwa kitazame chini. Kutoka kushoto: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Zikate zilingane, sukuma mpaka uone shaba imegusa mwisho wa plastiki, ndipo ubane kwa koleo ya kubania vichwa. Ganda nalo liingie ndani ya kichwa, la sivyo mtoto akivuta mara moja nyuzi zachomoka. Ncha ya pili ifuate mpango uo huo.

Hatua ya 5: Chomeka ncha moja kwenye rauta na ya pili kwenye TV, kisha zima Wi-Fi ya TV. Tundu la TV nyingi huishia megabiti 100, yatosha. Waya wa dishi usiuguse, ule ni wa king'amuzi.

Bibi alitazama kipindi kizima cha pili, akanitilia kahawa, kisha akaniuliza bei ya kuuvusha waya juu ya wikio, lile daraja la kuunga nyumba mbili juu ya njia, hadi kwa binti yake.