Kaunta Buku Kwanza, Tovuti Baadaye

Watu wakisikia naendesha tovuti ya besiboli ya shule hapa Dar es Salaam, swali la kwanza ni kompyuta nilisomea wapi. Sikusomea popote. Mimi ni mtunza stoo kwenye duka la vipuri Gerezani, na kutwa nzima kazi yangu ni kuona mikanda ya feni iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki inasomana na daftari. Uwanjani nilifuata mpwa wangu. Siku moja nikamsikia akibishana na wenzake nani aliwafunga nani mwaka uliopita, na pale hapakuwa na mtu mzima hata mmoja mwenye jibu. Simba na Yanga wakicheza, kila kijiwe kina takwimu zake. Hawa watoto walikuwa na uwanja mzuri kabisa wa besiboli pale Azania, uliofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa Wajapani, wana na mashindano ya taifa yaliyopewa jina la Koshien kama yale ya Japani, ila kumbukumbu hawana.

Kwa hiyo kama na wewe unataka kuwafanyia hivyo vijana wa mkoani kwenu, usianze na tovuti. Anza na daftari. Wengi huanza na rangi za ukurasa na nembo, mechi ya kwanza ikiisha wanagundua hawajui nani alipiga nini.

Nunua kaunta buku, penseli mbili na raba. Kalamu ya wino iache nyumbani, maana utafuta sana. Fika nusu saa kabla ya mechi, umwombe kila kocha orodha ya wapigaji tisa kwa mpangilio wao, na namba za jezi. Halafu fanya kitu ambacho mimi nilichelewa kukifanya: mfuate kila mchezaji mwenyewe, umuulize jina lake linaandikwaje. Orodha ya kocha huwa imeandikwa mbiombio. Niliwahi kumpa kijana mmoja hiti tatu za mwenzake, yaani mipira aliyoipiga akafika besi kwa uhodari wake, kwa sababu timu ilikuwa na akina Juma watatu, na mimi nilimjua mmoja tu. Mama yake alinipigia simu jioni. Hakugomba. Aliniambia tu kwa upole kwamba mwanawe amekula chakula bila kusema neno.

Kwenye daftari, wachezaji wa uwanjani ni namba, na si namba za jezi. Mrushaji ni 1, mdakaji 2, wa besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5. Yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu ni 6. Wa nyuma kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Zijue kama unavyozijua namba za daladala za kwenu. Kuna mkimbiaji besi ya kwanza, mpira ukipigwa chini, namba 6 akauokota, akampa 4 aliyekanyaga besi ya pili, naye akaurusha kwa 3, unaandika 6-4-3 na watu wawili wametoka. Mstari huo mdogo ndiyo habari nzima. Mtu wa Mwanza au Kilimanjaro ambaye hakuwepo atauona mpira ulivyotembea.

Aliyeshindwa straiki tatu, yaani mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha ipite, unamwandikia K. Mtindo huo ni wa Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, na ndiye aliyetengeneza jedwali la matokeo mwaka 1859. Alichukua herufi ya mwisho ya neno struck. Hiyo K ndiyo iliyonitoa jasho kuliko kitu kingine chochote, nitaeleza.

Auti kila aliyecheza rede utotoni anaijua. Kinachosumbua ni hiti na kosa. Mpira umepigwa, mpigaji amefika besi ya kwanza salama: je, amefika kwa uhodari wake au kwa uzembe wa mlinzi? Kanuni inakutaka ujiulize kama mlinzi, kwa juhudi za kawaida, angemtoa. Si juhudi za shujaa, za kawaida. Mpira ukigonga jiwe ukamruka mtu usoni, hiyo ni hiti, na kwenye viwanja vya shule tunavyochangia na watu wa kandanda mawe hayo utayazoea. Jambo lingine linalobishaniwa sana: si lazima mpira uguse glovu ndipo liwe kosa. Mpira rahisi wa juu ukidondoka mbele ya mtu aliyesimama anautazama, mwandikie kosa lake. Amua mara moja na usimuulize kocha, kwa sababu kila kocha ana jibu lake na unaweza kulijua kabla hujauliza. Mimi huwa nakaa mbali na mabenchi yote mawili.

Sasa ile hesabu. Hapa ndipo utunzaji wa stoo uliponifaa. Mechi ikiisha, kila mpigaji aliyesimama kwenye besi ya nyumbani lazima awe ameishia mahali fulani, na mahali penyewe ni patatu tu: amefunga pointi, ametoka auti, au ameachwa juu ya besi iningi ilipokwisha (iningi ni duru ambayo kila timu hupiga hadi watu wake watatu watoke). Kwa hiyo upande mmoja unajumlisha zamu za kupiga za kawaida, besi za bure (mrushaji amerusha mipira minne mibaya), waliogongwa na mpira na waliojitoa mhanga ili mwenzao asogee. Upande wa pili unajumlisha pointi, walioachwa besini na auti. Pande mbili zikilingana, nenda kalale. Zisipolingana, umekosea mahali, na hakuna wa kumsingizia.

Mfano wenyewe ninao. Ilikuwa mechi ya iningi saba, wenyeji walikuwa wanaongoza kwa hiyo hawakupiga iningi ya mwisho. Zamu zao za kupiga 25, besi za bure 4, aliyegongwa 1, aliyejitoa 1, jumla 31. Upande wa pili: pointi 6, walioachwa 7, na auti nikahesabu 19. Jumla 32. Nilikuwa ndani ya daladala ya Mbagala, nimesimama, daftari nimelibana kwapani, simu ndiyo kikokotoo. Nikajua kabisa kwamba iningi sita haziwezi kuwa na auti 19, tatu mara sita ni 18. Nikaanza kupitia moja moja hadi konda akaniuliza kama nashuka au nalala humo. Iningi ya tano ilikuwa na auti nne. Ndipo ikanijia: yule kijana wa tatu alikosa straiki ya tatu, lakini mdakaji naye mpira ukamponyoka ukabingirika hadi kwenye uzio, na kijana akakimbia akafika besi ya kwanza. Kanuni inamruhusu kama besi hiyo iko wazi, au kama tayari kuna auti mbili. Mrushaji anapewa K yake, mpigaji anahesabiwa zamu, ila auti haipo. Nilikuwa nimeona K nikahesabu auti kama kasuku. Nikafuta, ikawa 18, ikawa 31 kwa 31. Nilikuwa nimepita kituo changu kwa vituo viwili.

Tangu siku hiyo sichapishi kitu kabla pande mbili hazijalingana, hata watu wakinisumbua kwenye WhatsApp.

Mtego mwingine ni iningi za mrushaji. Ukiona 4.2, hiyo si nne na desimali mbili. Ni iningi nne na auti mbili za iningi ya tano. Mrushaji mwenye 4.2 leo na 3.2 wiki ijayo ana jumla ya 8.1, sio 7.4. Ukiziweka kwenye jedwali la kompyuta lijumlishe lenyewe, litakudanganya bila aibu. Mimi hubadilisha zote kuwa auti kwanza, 14 na 11 ni 25, kisha nagawa kwa tatu.

Na ukiwa na nafasi, hesabu kila mpira anaorusha mrushaji. Piga vijiti vya tanotano pembeni ya ukurasa. Mwanzoni nilidhani ni mbwembwe, hadi nilipoona kijana anarusha Jumamosi na Jumapili mfululizo na mkono anaushikilia. Kanuni za Little League, ligi ya besiboli ya watoto iliyoanzia Marekani, zinamwekea mtoto wa miaka 11 na 12 kikomo cha mipira 85 kwa siku, na akirusha 66 au zaidi apumzike siku nne. Japani, ambako kurusha hadi uchoke kulihesabiwa ushujaa, tangu 2020 wanafunzi wa sekondari wana kikomo cha mipira 500 kwa wiki katika mashindano. Nikaanza kuweka idadi kwenye tovuti kando ya kila mrushaji, bila neno lolote la ziada. Kuna mwalimu mmoja alininunia mwezi mzima. Lakini sasa hata wazazi huja kunichungulia daftari katikati ya mechi.

Tovuti yenyewe nitaipitia haraka, maana ndiyo rahisi. Chukua huduma ya bure yenye ukurasa mwepesi. Wasomaji wako wako kwenye simu na bando la kuhesabu, hivyo matokeo yawe juu kabisa kwa maandishi, picha moja ndogo chini, basi. Usiweke video inayojichezea yenyewe. Tumia jina moja la timu siku zote. Andika tarehe kamili na mwaka, kwa sababu “Jumamosi iliyopita” haina maana baada ya miezi mitatu. Nywila wawe nayo watu wawili zaidi unaowaamini. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimemwachia kijana mmoja kila kitu, akapata kazi mkoani, akabadili laini, na msimu mzima ukabaki nyuma ya mlango ambao funguo hatuna. Niliuandika upya kutoka kwenye kaunta buku. Usiku nne.

Hawa ni watoto wa watu. Naweka jina la kwanza, namba ya jezi na shule. Umri kamili, mtaa anaokaa na namba ya simu siweki hata nikiombwa na mtu anayejiita skauti. Huyo namwelekeza kwa mwalimu. Picha ya karibu naomba ruhusa kwa mzazi, na mzazi akisema toa, naitoa siku hiyohiyo bila kuuliza sababu. Kosa la mchezaji naliandika kwenye jedwali kama lilivyo, lakini kwenye maelezo nasema mpira ulipita, sisemi nani alitupotezea mechi.

Ukigundua umekosea baada ya kuchapisha, usirekebishe kimyakimya. Mimi nina mstari chini ya ukurasa: tarehe, kilichokuwepo, kilichobadilishwa. Jumatatu fulani niligeuza hiti kuwa kosa, na mpigaji akashuka kutoka wa kwanza hadi wa tatu kwa wastani wa hiti. Alinifuata mpaka dukani, na sare ya shule. Nikamfungulia daftari juu ya kaunta kati ya mabomba na filta, nikamwonyesha E6, yaani kosa la namba 6, mpira ulipita katikati ya miguu yake. Akatazama kwa muda. Kisha akauliza kama naweza kumfundisha kuandika.

Sasa Jumamosi nikiwa na zamu dukani, penseli anashika yeye, siku ambazo timu yao haichezi. Jioni ananiletea daftari, mimi napiga hesabu ya pande mbili. Wiki iliyopita ilikuwa 34 kwa 34. Jina la mdakaji tu ndilo alikuwa amelikosea.