Fataki za mwaka mpya nyumbani: kabla ya kuuliza bei, pima uwanja

Kila ikifika Novemba simu yangu inaanza kuita, "anko, mwaka huu tunapiga nini?", maana kwenye ukoo wetu hapa Dodoma mimi ndo mtu wa fataki, cheo nilichopewa bila kuomba (na nazungumzia fataki za angani jamani, sio fataki wa kuhonga wanafunzi). Jibu langu ni lilelile kila mwaka, kabla hujauliza bei chukua tepu ya fundi ukapime uwanja wako.

Wengi wanaona nawazungusha tu. Ila iko hivi, fataki nyingi zinatengenezwa China, na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya zina alama ya F1, F2 au F3 kwenye lebo, namba ikipanda na hatari inapanda. F2 watazamaji wanatakiwa kukaa angalau mita 8, F3 angalau mita 15, na Uingereza wanasema 25. Sasa tuseme kiwanja chako pale Nkuhungu ni 20 kwa 20, toa nyumba, toa banda la kuku, toa tenki la maji, toa sehemu ya kupaki gari, hizo mita 15 utazipata wapi, sembuse 25? Kwahiyo lile boksi kubwa ambalo muuzaji anakwambia "bosi hili ndo lenyewe" kwako halina kazi, hata akikupa kwa nusu bei umepigwa, maana siku ya siku utaliwasha huku bibi amekaa kwenye kiti chake katikati ya hatari. Uwanja mdogo nunua F2, basi. Na angalia juu pia, waya za umeme na matawi ya mwarobaini.

La pili ni kibali, na hili watu hawalipendi. Kisheria fataki ni baruti, na kila mwisho wa mwaka polisi wanakumbusha kwamba hazipigwi kiholela bila kibali. Nenda kituoni mapema uulize utaratibu, usiende tarehe 31 mchana, halafu mwambie na mwenyekiti wa mtaa. Hela ya fataki usiitoe mpaka ujue jibu, si unaona hasara ya kununua halafu unakatazwa? Na kama unaagiza kutoka Dar, usimpe dada yako aje nazo kwenye begi kwenye basi au treni, hiyo ni baruti kati ya abiria. Muulize muuzaji mwenyewe anasafirishaje kihalali, akianza kung'aang'aa macho achana naye.

Haya, bei. Hapa ndo tunapoliwa kweli kweli, kwasababu tunanunua namba. Boksi limeandikwa shoti 100 (yaani linafyatua mara 100 kwa utambi mmoja) na lingine shoti 25, bei zinakaribiana, mtu anabeba la 100 anacheka njia nzima, akiliwasha linafanya ta-ta-ta-ta kama mahindi ya bisi, sekunde chache limekwisha na nusu ya wageni bado wanageuza viti. Mirija yake ni myembamba kama kalamu, hamna kitu mle. Wewe tafuta kwenye lebo uzito wa baruti, mara nyingi wanaandika NEC au NEQ na gramu mbele yake. Tuseme boksi la kwanza ni 60,000 na lina gramu 100, la pili ni 90,000 na lina gramu 300. La kwanza kila gramu umeilipia 600, la pili 300, kwahiyo la "bei ghali" ndo la bei rahisi. Uliza pia linawaka sekunde ngapi. Ila gramu zikipanda na umbali unaweza kupanda, rudi tena kwenye alama na tepu.

Lisilo na lebo kabisa usichukue. Mwaka mmoja nilinunua maboksi mawili mtaani kwa mtu, bei ya kutupa, karatasi ya juu imefifia na chini kuna doa la maji ambalo nililiona na nikajifanya sijaliona. Usiku wa manane la kwanza likatoa shoti 4 likanyamaza. La pili nililiweka juu ya tofali ili "lionekane vizuri", shoti ya tatu likalala ubavu na zilizobaki zikaelekea kwenye bati la jirani, mama akapiga yowe, mimi nimelala kifudifudi kwenye majani ya maboga. Hakuna aliyeumia, lakini mpaka leo jirani akiniona Desemba anaingiza gari ndani.

Tangu hapo nikaweka bajeti ya mchanga. Ndoo chache za mchanga wa kujengea, boksi unalizamisha mpaka karibu nusu kwenye mchanga, kwenye ardhi iliyo sawa, unalishindilia pembeni, haliangukii popote. Utambi nauwasha kwa kijiti cha udi, kinawaka taratibu na kinakupa urefu wa mkono, kiberiti kinakulazimisha uiname juu ya boksi, na kichwa kisikae juu ya boksi hata sekunde. Mwashaji ni mmoja na hajanywa, shemeji zangu wananielewa kwa hilo ingawa hawalipendi. Ndoo mbili za maji karibu, namba 114 ya zimamoto kwenye simu.

Roketi sinunui. Upepo wetu wa Dodoma unaujua, kijiti kinapanda hapa kinashukia usipopajua. Na kama sherehe yenu ni ya Agosti au Septemba, kipaimara au send-off, majani yamekauka na mabua yamelala shambani, mi ningeziacha kabisa hela nikaongeza mbuzi. Desemba angalau mvua imeshaanza au iko njiani, japo nayo ina tabu yake, fataki zihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya meza, mbali na jiko la mkaa na mtungi wa gesi, na sio kwenye buti la gari linalochomwa na jua.

Vile vijiti vya cheche vya watoto tunavidharau sana. Joto lake linaweza kupita digrii 1000, wakati maji yanachemka kwa 100. Chini ya miaka 5 asishike kabisa, wakubwa wavae viatu, wanyooshe mkono, na kikizima kinatumbukizwa kwenye ndoo hapohapo. Mpwa wangu alikanyaga waya uliokuwa umezima tayari, na ndala ikatoboka.

Majirani waambie siku mbili kabla, hasa penye kichanga au mgonjwa, mbwa afungiwe ndani, mbuzi waingie zizini.

Boksi likigoma usilisogelee kwa dakika 20 angalau, wala usiwashe tena, baadaye limwagie maji kwa mbali kisha lizamishe kwenye ndoo mpaka asubuhi. Na asubuhi usilitupe kwenye shimo la takataka linalochomwa, kwasababu kabla moto haujafika watakuwa wameshafika watoto wa mtaa mzima kutafuta zilizobaki.