Somo: Kuandaa Siku ya Bustani Wazi na Maonyesho ya Sanaa Kijijini

Katika siku ya bustani wazi, wenye nyumba kadhaa wa kijiji kimoja hufungua nyua zao ili majirani na wageni wapite, watazame mimea na waulize maswali. Uingereza ilianza mpango wa namna hii mwaka 1927, bustani 609 zilipofunguliwa kwa kiingilio cha shilingi moja ili kuwachangia wauguzi waliowahudumia wagonjwa majumbani. Hapa Mombasa, katika vijiji kama Mtongwe, Junda na Jomvu Kuu, zipo nyua zenye asumini, mirehani na milangilangi ambazo hata jirani wa mlango wa tatu hajapata kuziona. Naamini kwa dhati kwamba sanaa ya siku hiyo haina budi kutokana na mimea hiyohiyo, badala ya kuwa picha zilizoletwa na kutundikwa popote penye nafasi.

Hatua ya kwanza ni tarehe. Chagueni Jumamosi ya Julai au Agosti, kwa kuwa mvua kubwa za masika zimepita, majani yangali mabichi na joto limepungua. Februari, kaskazi ikivuma na ardhi imekauka, haifai.

Hatua ya pili ni ridhaa, nayo isiharakishwe. Mwendeeni kila mwenye nyumba, mkubaliane mgeni ataingilia wapi, ataishia wapi, na kama kupiga picha kunaruhusiwa, maana ua ni sitara ya familia na wapo akina mama ambao hawatapenda kupigwa picha wakiwa kwao. Mahali pasipoingiwa pafungwe kwa kamba au pazia la leso. Mzee wa mtaa na chifu wajulishwe mapema.

Hatua ya tatu ni sanaa. Watoto waokote majani ya mkungu, yale mapana yanayogeuka mekundu kabla ya kuanguka, wachague yasiyokauka. Jani lipakwe rangi upande wa chini, ambako mishipa imetokeza, kisha lilazwe juu ya karatasi nzito na kukandamizwa kwa kiganja kuanzia katikati kuelekea ukingoni. Likiinuliwa taratibu, mishipa yote huonekana, hata ile myembamba kama uzi. Wasusi wa ukindu waombwe kusuka hapohapo, miyaa iliyotiwa rangi ikiwa kando yao, kwa sababu mgeni hujifunza zaidi kwa kuona mkeka ukianzwa kuliko kwa kuukuta umekwisha. Kazi za karatasi zikae barazani, kwa kuwa unyevu wa bahari huzikunja na kusi huzirarua. Za ukindu, vifuu na makumbi zaweza kuning'inizwa mitini kwa kamba, bila kupigilia msumari kwenye shina.

Hatua ya nne ni saa. Fungueni baada ya alasiri, mfunge kabla ya magharibi. Asumini hufunguka jioni, kwa hiyo vikonyo vyake, yaani maua ambayo hayajafunguka, vichumwe wakati huo, na anayejua kutunga vikuba, yaani vishada vidogo vya kunukia, awaonyeshe wageni jinsi asumini, rehani na mkadi vinavyofungwa pamoja.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi sina ardhi, nina makopo ya mchicha na mrehani mlangoni. Je, naweza kushiriki?

Jibu: Ndiyo, dada yangu, na ningependa nyumba yako iwe ya kwanza katika njia ya wageni, kwa kuwa wengi wao wanaishi katika vyumba vya kupanga na watajifunza kwako jambo wanaloweza kulifanya kesho.

Swali: Tukiuza miche, fedha zigawanywe vipi?

Jibu: Bei ya mche iende kwa aliyeuotesha, na kiingilio kiingie katika mfuko wa kijiji kwa kazi mliyoitangaza tangu mwanzo, kwa mfano tangi la maji la shule. Wageni waambiwe waje na vikapu, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 2017.

Swali: Na mvua ikinyesha siku yenyewe?

Jibu: Manyunyu hayazuii kitu. Mvua ikizidi, sanaa ihamishiwe kwenye baraza moja kubwa mliyoiandaa, na matembezi ya bustani yaahirishwe hadi Jumamosi inayofuata, maana udongo uliolowa ukikanyagwa na watu wengi hushikamana, na mizizi huumia.