Viunza, sanda na kitambulisho: ya kuweka tayari kabla ya maziko Bagamoyo

Hapa Bagamoyo Mwislamu akifariki alfajiri, mara nyingi ikishaswaliwa Adhuhuri ameshazikwa. Saa hizo chache hazitoshi kuanza kuulizana nani anajua nini.

Kinachokwamisha sana ni karatasi. Aliyefia hospitali hatoki mochwari bila karatasi zao. Aliyefia nyumbani, serikali ya mtaa ipewe taarifa kabla jembe halijagusa ardhi. Kitambulisho kikae mahali panapojulikana. Cha baba mdogo tulikitafuta nyumba nzima, kikaonekana ndani ya kopo la majani ya chai. Kifo kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 30, maana bila cheti mirathi haisogei.

Sanda nunua mapema, wala si uchuro: bafta nyeupe, shuka tatu kwa mwanamume, vipande vitano kwa mwanamke. Ikunje kabatini pamoja na pamba, ubani na karafuu maiti. Uliza pia nani ataosha. Mwanamke huoshwa na wanawake, na wanaoijua kazi hiyo mtaani ni wa kuhesabu.

Shughuli yenyewe iko kaburini. Mchanga wetu wa pwani haushiki. Ukichimba mwanandani, yaani nafasi ya kulaza maiti, ubavuni mwa kaburi, unaporomoka, kwa hiyo hapo huchimbwa katikati, viunza, zile mbao za kufunikia, vikalazwa juu ya maiti. Viunza vipimwe kwa kaburi lenyewe, si kwa macho. Siku ya baba mdogo vilipungua shubiri nzima. Jeneza limeshatuliwa, kijana anakimbilia kwa seremala na bodaboda, sisi tumesimama juani hakuna anayemtazama mwenzake.

Na mashahidi, zile alama za kaburi, msiyasahau. Makaburi ya matumbawe kule kwenye magofu ya Kaole yamedumu karne na karne; kibao chetu cha mbao mchwa wanakimaliza, kisha watu wanapita juu bila kujua. Jiwe moja kichwani, jingine miguuni, yanatosha.

Kama mmejiunga na chama cha kufa na kuzikana, michango isilale.

Limebaki deni. Kabla ya maziko lazima asimame mtu wa familia atangaze kwamba anayemdai marehemu aje kwake. Mchagueni nyumbani, msisukumane mbele za watu, na awe na daftari la marehemu mkononi, kwa sababu mwenye duka atakuja na lake.