Somo: Kumtengenezea kompyuta mtu ambaye macho yamepungua nguvu

Habari wanachama, hii kitu nimeombwa sana niieleze. Hapa Kondele, Kisumu, watu wazima wanaletwa kwa saiba na watoto wao, na mtoto anasema tu "mwekee maandishi makubwa" basi wanaenda. Ngoja kwanza. Muulize mwenyewe anaona aje, usimuulize aliyemleta.

Macho hayaharibiki sawasawa. Mwenye mtoto wa jicho anaona ukungu na mwanga mkali unamsumbua, skrini nyeupe kwake ni mateso, huyo mpe nyuma nyeusi na maandishi meupe. Mwenye glakoma mara nyingi anapoteza pembeni anabaki na katikati peke yake, sasa ukimkuzia kila kitu unamharibia zaidi, neno moja linajaa pale anapoona na sentensi yote inampotea, huyo anataka mshale wa mausi mnene wa rangi kali ndio asiutafute kila saa. Wa kukuziwa ni yule ambaye katikati ndio imeisha. Na kama hajawahi kupimwa macho aende kwanza, kuna hospitali ya macho ya Sabatia pale Vihiga, mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji jameni, usimzoeshe mzee skrini kubwa na shida yake inatibika.

Sasa hatua zenyewe, ni za Windows 10 na 11.

Kwanza finya kitufe cha Windows pamoja na U. Ukurasa unaofunguka ndio una kila kitu, ukubwa wa maandishi (unafika asilimia 225), rangi na unene wa mshale. Panda pole pole, kila ukiongeza mwambie asome mstari mmoja kwa sauti, akisoma bila kusogeza uso karibu na skrini wachia hapo.

Pili, kioo cha kukuza. Windows na alama ya kujumlisha kinawaka, Windows na Esc kinazima. Kikiwaka, Ctrl+Alt+I inageuza rangi na Ctrl+Alt+L inakuza kipande kidogo tu badala ya skrini nzima.

Tatu, kama kusoma kwa macho kunamchosha kabisa, mpe sauti. Windows+Ctrl+Enter inaamsha Narrator, programu ya kusoma skrini kwa sauti iliyo ndani ya Windows tayari, lakini mimi napendelea NVDA, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni ya bure, ilianzishwa Australia 2006 na Michael Curran na James Teh, wote wawili hawaoni, na ukiitumia unajua kabisa ilitengenezwa na mtu anayeihitaji. Ikishaingia, Insert na mshale wa chini inasoma ukurasa mzima, kwa tovuti H inaruka kichwa cha habari hadi kingine, K inaruka linki hadi linki, na ikiongea sana finya Ctrl inyamaze. Hiyo Ctrl mfundishe kabla ya kitu kingine chochote, mtu akijua kunyamazisha mashine haiogopi tena. Halafu mwekee vidole juu ya F na J, asikie zile alama ndogo zimeinuka, kuanzia hapo mausi weka kando.

MASWALI

Swali: Mwalimu, hiyo NVDA lazima niwe na bando? Kijana wangu anasoma Kibos, shule ya wasioona, na nyumbani hatuna intaneti.
Jibu: Hapana mama. Daunilodi mara moja tu kwa saiba uweke kwa flashi, ukifika nyumbani unainstoli. Tena NVDA inakubali kukaa kwa flashi yenyewe, kijana anachomeka kwa kompyuta yoyote anaanza kazi bila kuinstoli.

Swali: Inasoma Kiswahili ama ni Kizungu tu?
Jibu: Inasoma. Finya Insert+Ctrl+V, chagua sauti ya Kiswahili. Ni sauti ya mashine kweli, mwanzo inakera, punguza kasi hapo hapo hadi sikio lizoee.

Swali: Ndugu, notsi za shule tunatumiwa zimepigwa picha, NVDA inanyamaza tu, nifanye nini?
Jibu: Kwa NVDA hiyo ni picha tu, hakuna maandishi ya kusoma. Fungua hiyo picha ionekane kwa skrini, finya Insert+R, itajaribu kuyatoa maneno. Picha ikiwa imepindwa ama ina kivuli itakosea mingi. Na walimu walio hapa, nawaomba, tumeni ile faili mliyotaipu yenyewe.