Jenereta ya jeshi MEP-803A inawaka alafu inazima: anza kuangalia hapa

Baada ya kimbunga Beryl kupiga Houston Julai 2024 watu wengi wa kwetu huku Texas walianza kutafuta jenereta, na baadhi yetu tukaangukia hizi za jeshi la Marekani zinazouzwa kwa mnada, MEP-802A ya kilowati 5 na MEP-803A ya kilowati 10. Ni mashine nzuri jamani, nasema kwa moyo wote. Injini ni Lister Petter ya dizeli inayopozwa na maji, inazunguka mara 1800 kwa dakika tu, haipigi kelele kama zile ndogo za petroli, na ukiitunza itakaa sana. Shida ni kwamba unaichukua kama ilivyo, imelala yadi miaka na miaka, unaifikisha nyumbani inawaka unafurahi, dakika mbili imezima, unawasha tena inazima tena, na hapo ndo mtu anaanza kuagiza vipuri kwa kubahatisha. Usinunue kitu bado.

Kwanza isikilize inavyozima. Ikikata ghafla, pap, kama mtu kazima taa, hapo ni umeme, kuna kitu kimenyima moto ile solenoidi ya mafuta (kifaa cha umeme kinachofungulia injini mafuta). Ikizima kwa kuhangaika, yaani sauti inashuka inapanda, sindano ya Hz (mizunguko ya umeme kwa sekunde) kwenye paneli inacheza badala ya kutulia kwenye 60, alafu inakohoa ndo inakufa, hapo inakosa mafuta au inavuta hewa. Mimi nilibadilisha pampu ya mafuta nzima kumbe yangu ilikuwa inakata ghafla kila siku, dalili ilikuwa mbele yangu nikawa sijaisoma.

Kuhakikisha, chukua mita, weka kwenye volti za DC, bana waya mmoja kwenye terminali ya solenoidi na mwingine kwenye bodi, washa mashine ukae hapo uangalie. Mfumo wake ni volti 24, betri mbili za 12 zimeunganishwa mfululizo (kwa hiyo usije ukaistua kwa gari la kawaida la volti 12). Mita ikishuka sifuri na injini ikazima palepale, tatizo lipo kwenye swichi, waya au rilei. Injini ikifa huku mita bado inasoma 24, achana na waya, angalia solenoidi yenyewe alafu nenda kwenye mafuta.

Ya umeme inayowasumbua wengi ni hii: ukishikilia swichi kubwa kwenye START inawaka na kunguruma vizuri, ukiiachia irudi PRIME & RUN inazima. Sababu ni kwamba ukiwa START ulinzi wa presha ya oili unarukwa ili injini ipate nafasi ya kuwaka, ukiachia tu ulinzi unarudi kazini. Kwa hiyo kabla ya yote usiachie haraka, shikilia mpaka geji ya oili ipite 25 psi na volti zipande, wengi wanaachia wakisikia tu imewaka. Kama umesubiri na bado inazima, pima oili kwa kijiti, alafu tafuta swichi ya presha ya oili kwenye blok ya injini uchomoe soketi yake uitazame kwa tochi. Yangu ilikuwa na pini moja imeota ukijani wa kutu, ukiigusa inawaka, injini ikitetemeka inakata. Nilisugua kwa brashi ndogo ya waya, nikapuliza dawa ya kusafisha kontakti, nikabana ile pini ya kike kidogo kwa koleo ishike, na mpaka leo haijarudia. Kazi ya robo saa baada ya wiki tatu za kuhangaika.

Kama presha ni kweli ndogo kwenye geji, hiyo sio swichi, simamisha kazi kabisa ujue oili inaenda wapi.

Solenoidi yenyewe nayo ina koili mbili ndani, moja ya kuvuta kwa nguvu na moja ya kushikilia. Ile ya kushikilia ikiungua, inavuta vizuri wakati wa kustati alafu inaachia. Tazama fimbo yake mtu mwingine akiwasha, kama inaingia alafu inarudi nje wakati moto bado upo kwenye waya basi umeipata. Angalia pia fimbo isiwe inakwama na iwe inaingia mpaka mwisho. Na kabla hujafungua chochote bonyeza kile kitufe cha DC CONTROL POWER na uhakikishe EMERGENCY STOP imevutwa nje.

Haya, mafuta. Weka PRIME & RUN bila kuwasha, pampu ya umeme inatakiwa usikie inatikatika, iache dakika moja ijaze laini. Fungua koki ya chini ya chujio la kutenganisha maji, kinga kwenye chupa ya uwazi, acha itulie. Maji yatakaa chini, na ukiona vitu vyeusi kama ute hivyo ni vijidudu vinavyoota kwenye dizeli iliyolala, hapo kubadilisha filta peke yake hakusaidii maana tenki litaijaza tena, inabidi tenki lenyewe litolewe uchafu.

Mpira wa mafuta uliozeeka ni mjanja sana, hauvujishi nje ila unavuta hewa ndani. Weka kipande cha mpira wa uwazi katikati ya laini ukae unatazama, mapovu madogo yakipita mfululizo kuna mahali hewa inaingia, badilisha mipira yote na klempu zake mara moja usihangaike kutafuta tundu. Na kama inafanya kazi nusu saa vizuri alafu inakufa, ukiipumzisha inawaka tena, fungua mfuniko wa tenki ikiwa imezima tu. Ukisikia inavuta pumzi, fsss, basi kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba.

Kipimo cha mwisho cha mafuta, weka galoni la dizeli safi juu kuliko injini, unganisha laini ya kuingia na ile ya kurudi humo humo. Ikikaa imewaka saa nzima, ugonjwa upo kati ya tenki na filta. Ikiendelea kuzima, sasa ndo fikiria pampu za injekta na nozeli, tafuta fundi wa dizeli.

Joto nalo linaizima, ila hapo sitakaa sana: rejeta iliyoziba vumbi, mkanda uliolegea, au mtu anaendesha milango ikiwa wazi akidhani inapata hewa kumbe upepo umetengenezwa upite milango ikiwa imefungwa.

Kuna kitu naomba sana msifanye. Kwenye paneli kuna swichi ya BATTLE SHORT, inaruka ulinzi karibu wote, inabaki ule wa spidi kupita kiasi na shoti. Iliwekwa kwa ajili ya vitani, pale ambapo umeme ukikatika watu wanakufa. Kuna watu wanaiwasha ili jenereta isizime, na kweli haizimi, inaendelea mpaka bearingi zinaungua.

Ikishapona, usiipime bila mzigo. Unganisha hita za umeme ufikishe angalau kilowati 5, iache saa mbili, ukiendesha tupu dizeli isiyoungua inajaa kwenye ekzosti. Iweke nje umbali wa mita 6 au zaidi na madirisha, moshi wake unaua bila harufu ya kukushtua, na usiunganishe na nyumba bila swichi ya kubadilisha inayoitenga na waya za mtaa, kuna fundi yuko juu ya nguzo.

Wanaotaka kuipeleka nyumbani Dar au Mombasa, 803A ni ya 60 Hz na kwetu ni 50, na ukikuta MEP-813A ni ya 400 Hz kabisa, hiyo iache. Michoro yote ya waya ipo kwenye kitabu cha jeshi namba TM 9-6115-642, chapisha ule ukurasa wa DC ubandike ndani ya mlango wa paneli.