Siagi ya karanga kwa mtaji wa laki tano: namna ya kuuzungusha usikatike

1. Karanga. Chambua kwa mkono kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu tupa. Humo ndimo sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, hujificha, na moto wa kukaangia hauimalizi. Kaanga, pepeta maganda, saga. Usiongeze mafuta ya kupikia eti ilainike. Mafuta yake yakipanda juu, mteja atakoroga. Andika hivyo kwenye lebo.

2. Karatasi. Sajili jina BRELA (wakala wa usajili wa biashara), chukua TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, barua ya utambulisho ya SIDO (shirika la viwanda vidogo), kisha nenda TBS (shirika la viwango) kwa alama ya ubora. Lebo chapisha chache kwanza, maana unaweza kuambiwa urekebishe.

3. Bei. Kilo 10 mbichi, ukishachambua na kukaanga, zihesabu kilo 8.5, yaani makopo 21 ya gramu 400. Tuseme kilo ni shilingi 4,000: karanga za kopo moja 1,905, kopo na mfuniko 600, lebo 150, gesi na kusagisha 250, nauli 200. Jumla 3,105. Weka na ujira wako 500, ndio ambao wengi huusahau. Ukimpa mwenye duka kwa 5,000, faida ni 1,395.

4. Mali kauli, yaani kuacha mzigo dukani ulipwe baadaye. Hapa ndipo mitaji inapofia. Laki tano, kwa gharama ya 3,105 kila kopo, inatosha makopo 161. Ukigawa dazeni moja moja kwa maduka 12, Sinza mpaka Mbagala, hayo ni makopo 144, umeshamwaga 447,120 rafuni. Mkononi hujabaki hata na 53,000, na karanga za kilo 20 tu ni 80,000. Siagi inauzika, maduka yanakusifu, wewe huna cha kusaga. Na kopo moja lisilolipwa linameza faida ya makopo mawili na nusu.

Kwa hiyo:

Anza na wanaolipa papo hapo: ofisini, kanisani, msikitini, kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa. Duka la mangi linalonunua makopo matatu kwa taslimu nalipenda kuliko supamaketi inayotaka katoni tano na kulipa ikijisikia.

Ukilazimika kukopesha, yasizidi makopo sita, na mzigo wa pili usishuke kabla wa kwanza haujalipwa. Hata kama yamebaki mawili: yalipiwe, au uyachukue.

Tumia kitabu cha nakala mbili. Asaini mwenye duka, si kijana wa kaunta, la sivyo utazungushwa na "bosi hayupo, pita kesho" mpaka nauli ya bodaboda izidi deni. Andika tarehe ya kulipa, na lipa namba yako, ile ya kupokelea malipo kwa simu, igonge kwa muhuri palepale kwenye risiti. Siku yenyewe piga simu asubuhi, fika jioni, mauzo yakiwa bado yamo kwenye droo.

Kopo lililorudi likague mfuniko. Lililofunguliwa usiliuze tena.

5. Laini ya simu. Ya biashara iwe peke yake. Luku ya nyumbani isilipwe humo. Ujira wako wa 500 kwa kopo utoe Jumamosi, baada ya kununua karanga za wiki inayofuata.